Bajeti Isiyohesabu Jasho

Filamu ya mapigano ya "Who Killed Captain Alex?" (2010), iliyotengenezwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, husifiwa kwanza kwa bajeti yake: inasemekana ilikuwa dola 200 hivi. Mimi nadai kwamba sifa hiyo inatupotosha. Kiasi hicho hakijumlishi jasho la waigizaji waliojitolea, wala la mafundi waliounda bunduki bandia kwa vyuma chakavu, wala saa ambazo Nabwana alikesha akihariri kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Gharama ilikuwepo, haikulipwa tu.

Mapato nayo hayakutokana na tiketi za majumba ya sinema. Waigizaji walitembeza DVD nyumba kwa nyumba na kubaki na sehemu ya faida, wakiwahi kabla nakala za wizi hazijajaa sokoni. Baadaye filamu ilipata mamilioni ya watazamaji YouTube, lakini umaarufu si mshahara. Vichekesho na ubunifu wake vinastahili sifa. Hata hivyo, mhakiki anayetaja dola 200 hana budi kutaja pia waliobeba gharama iliyobaki.