Misa imekwisha, au tumeagizwa?

Mzee wa Ufipa akisema "naenda misheni", hazungumzii safari ya kuhubiri. Anamaanisha pale penye kanisa, shule na zahanati. Akisema "naenda misa", anamaanisha ibada yenyewe. Utadhani maneno haya hayana undugu. Kumbe mama yao ni mmoja: kitenzi cha Kilatini mittere, yaani kutuma, au kumwachia mtu aende.

Misheni mzizi wake ni missio. Misa imetoka kwenye maneno ya kuagana mwisho wa ibada: Ite, missa est. Ite ni amri kwa watu wengi, sawasawa na -ni yetu katika "nendeni". Ubishi uko kwenye missa. Wapo wanaoisoma kama kitenzi, "imetumwa", kisha wanahangaika kutafuta kilichotumwa ni nini. Wengine, nami nimo, wanasema ni nomino ya Kilatini cha baadaye: "nendeni, ndiyo ruhusa". Isidore wa Seville, karne ya 7, alilihusisha neno hilo na kutolewa nje kwa wakatekumeni. Baadaye likawa ndilo jina la ibada nzima.

Sasa tafsiri yetu. Tunasema "Misa imekwisha", kama Waitaliano. Kisarufi haina kosa. Misa imetulia zake kwenye ngeli ya i-/zi-. Shida yangu ni maana. Jina la ibada limekalia kiti cha ruhusa, tukabaki na tangazo la mwisho wa kipindi. Si ajabu waliokaa nyuma washashika funguo za pikipiki.

Kwa Ufipa hasara hiyo si ndogo. Ukatoliki huku uliletwa na shirika lenye mzizi huohuo kwenye jina lake, Wamisionari wa Afrika, waliokabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Wao walitumwa kuja kwetu. Sisi tunaambiwa imekwisha. Ndiyo maana misheni imebaki kuwa majengo, na kazi imebaki ya padre.

Kiswahili kinaweza zaidi. "Mmeagwa" isingefaa, maana siku hizi anayeagwa ni marehemu. Lakini kamusi inaweka kuaga na kuagiza pamoja, na "nendeni, mmeagizwa" ingebeba kwaheri na kazi kwa mpigo. Anayeagizwa hutoka mlangoni akijua anakwenda kufanya nini.