Boda, Nipeleke Boda

Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia makala kuhusu Tunduma, kila penye "boda" ameweka "mpaka". Kiswahili sanifu, aliandika pembeni. Nilipoisoma upya, sikuwasikia tena watu wetu.

Kwetu mpaka ni mstari. Ulitokana na makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890, ukawaacha Wanyamwanga wengine huku, wengine Zambia. Boda ni mahali: foleni ya malori, wabadilisha kwacha, mihuri, vumbi, chai ya asubuhi. Tangu 2019 pana kituo cha huduma kwa pamoja, lakini sijamsikia mtu akilitaja jina hilo refu kwenye daladala. Anashuka boda, basi.

Halafu kuna pikipiki. Neno bodaboda lilianzia Busia, baiskeli zikivusha abiria kati ya Kenya na Uganda. Likazunguka Afrika Mashariki yote, na hapa limerudi mpakani: "Boda, nipeleke boda." Dereva hacheki. Anawasha.

Sina ugomvi na "mpaka". Nalipenda hata, kwa kuwa neno hilohilo linalozuia ndilo linalokufikisha: twende mpaka Nakonde. Ila makala yangu ilihusu asubuhi tuliyokaa boda tukimsubiri shangazi, aliyekuwa analetwa kutoka Nakonde kuja kuzikwa kwao. Kila aliyepiga simu aliuliza, "Mmefika boda?" Mama alijibu, "Tuko boda." Huyo mama mhariri alimsemesha "Tuko mpakani", neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Niliirudisha makala, "boda" zote zikiwa mahali pake.