Nusu ya Hesabu

Patrick Daley Thompson alipochaguliwa diwani wa Kata ya 11 jijini Chicago mwaka 2015, jina lilikuwa limekwisha kumtangulia. Babu yake, Richard J. Daley, alikuwa meya miaka 21. Mjomba wake, Richard M. Daley, miaka 22.

Kabla ya udiwani alikuwa amekopa dola 219,000, kwa mara tatu, katika benki ya mtaani kwao. Benki ikafilisika mwaka 2017. Alipoulizwa juu ya deni, alisema alikopa 110,000. Kweli, alizikopa. Zile 109,000 hakuzitaja! Mwaka 2022 akatiwa hatiani kwa kauli hizo na kwa makosa ya kodi, kiti kikapotea, akafungwa miezi minne.

Machi 2025 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwamba sheria iliyotumika juu ya kauli hizo hukataza uongo, si ukweli unaopotosha. Kesi ikarudishwa chini. Nakubaliana nao: mtu asifungwe kwa kosa lisiloandikwa. Lakini mimi si jaji, ni mpiga kura tu. Diwani hupitisha bajeti. Akinisomea nusu ya hesabu, kila tarakimu ikiwa sahihi, nitarudi nyumbani nimedanganyika.