Joho la Kirumi

Ndugu msomaji, khasa wewe mwenye watoto chuoni na shuleni, nakuomba tukitazame pamoja kitabu kidogo cha zamani. Mtungaji wake ni Tacitus, Mrumi. Alikiandika kiasi cha mwaka 98 Miladi kumsifu baba mkwe wake, Agricola, aliyekuwa liwali wa Warumi huko Britania, yaani Uingereza ya leo.

Ndani yake mna mlango mfupi unaoshinda kurasa zote za vita. Agricola, baada ya kuwatisha watu kwa upanga, aliwageukia kwa upole. Aliwasaidia kujenga mahekalu, masoko na majumba. Akawasomesha wana wa machifu elimu za Kirumi. Waliokuwa wakikichukia Kilatini wakawa wanatamani kukisema kwa ufasaha. Baadaye wakavaa joho la Kirumi, kisha yakafuata mahamamu, baraza za nguzo na karamu. Tacitus hafichi kwamba hayo waliyoyadhani ustaarabu yalikuwa ni minyororo.

Hapa nina ugomvi naye. Anaujua mtego, anautaja kwa jina lake, kisha anamsifu aliyeutega na kumcheka aliyenaswa! Kijana mdogo atajuaje, ikiwa mwalimu ni mpole na chakula ni kitamu? Kwa insafu, aibu hiyo ingegawanywa, na fungu kubwa apewe liwali.

Na liko jingine. Anatuonyesha wana wa wakubwa tu. Mtafiti akifuata njia hiyo, akahesabu maandishi ya mawe, atadhani kila mtu aligeuka Mrumi. Huko Leptis Magna, Libya, tajiri mwenyeji, Annobal Tapapius Rufus, alijenga soko mwaka 8 kabla ya Miladi, na baadaye ukumbi wa michezo. Jina lake lilichongwa kwa Kilatini na kwa Kipuni pia, lugha ya wahenga wake. Huyo alikuwa na mali ya kuchongea mawe, mkulima je? Karne nne na zaidi baada ya Warumi kuitwaa nchi, Augustine, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alipotaka kuwawekea askofu watu wa Fussala, ilimbidi atafute mtu ajuaye Kipuni.

Britania nayo, utawala wa Kirumi ulikoma kiasi cha mwaka 410, na Kilatini hakikubaki kuwa lugha ya wenyeji. Watu wa Wales wangali na lugha yao, ingawa neno la daraja, la dirisha na la kitabu waliyapata kwa Warumi. (Sisi nasi dirisha tumelitoa kwa Waajemi na kitabu kwa Waarabu, na tunaposema hayo twasema Kiswahili.)

Ila Wagalia, wenyeji wa Ufaransa, lugha yao ilizimika kabisa. Ni mama gani wa kwanza aliyeacha kumbembeleza mwanawe kwa Kigalia? Hakuna jiwe linalosema, na Tacitus hakupata kuuliza.