Mitego ya Wagenya: jinsi miti inavyosimama ndani ya maporomoko

Mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Bangboka akitaka kuona wanyama huelekezwa mbali. Ataambiwa aende Epulu kwa okapi, au Lomami, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2016, akamtafute lesula, kima ambaye wanasayansi walimtambulisha duniani mwaka 2012. Ni safari nzuri, ila zinataka siku nyingi na mfuko mzito. Mimi humshauri aanzie karibu. Uwanja huo uko kama kilomita 17 mashariki ya katikati ya Kisangani, na pembezoni mwa mji huohuo Mto Kongo unapita juu ya miamba kwa kishindo. Hapo ndipo Wagenya wanapotega samaki. Wageni wengi hupiga picha na kuondoka bila kujiuliza swali kubwa kuliko yote: ile miti ya mitego imesimamaje ndani ya maji hayo?

Haya ni maporomoko ya saba, ya mwisho, katika mfululizo wa Boyoma. Yote saba yametandaa kwa takriban kilomita 100 kutoka Ubundu, na mteremko wake wote ni kama mita 60 tu. Kwa hiyo usitarajie pazia la maji linaloanguka kutoka juu. Hapa maji yanakimbia: yanabanwa kati ya majabali, yanajikunja, yanatoka upande wa pili yakiwa meupe kwa povu. Ukitaka kusimamisha kitu ndani yake, kumbuka kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne. Ukuta ungevunjwa. Wagenya hawakujenga ukuta.

Msingi wao ni matundu ya mwamba. Mto wenyewe umeyachimba kwa miaka isiyohesabika, mchanga na kokoto zikizungushwa na maji mahali pamoja hadi jiwe likatoboka kama kinu. Mvuvi huingiza shina la mti kwenye tundu, kisha vichwa vya miti hufungwa pamoja, mara nyingi mitatu mitatu. Anayepika kwenye mafiga anajua siri yake: vitu vitatu hutulia hata pasipo sawasawa, cha nne ndicho huleta kuyumba. Miti mingine hulazwa kutoka kwenye vichwa hivyo hadi vingine, na hapo unapatikana ulingo ambao mtu anaweza kutembea juu yake, maji yakiwa chini.

Tazama vifungo kwa karibu. Ni mabugu ya msituni, yamezungushwa tena na tena na kukazwa. Mtambo mzima hutetemeka mkondo unapoupiga. Ukiushika kwa kiganja unausikia. Mtetemo huo hautishi. Kifungo kinalegea kidogo na kurudi, msukumo unagawanyika kwenye miti yote. Msumari ungebeba uzito wote mahali pamoja na kuupasua mti. Na kwa kuwa miti ni ya mviringo na imeachana, maji yanapata njia, hayana pa kusukuma sana.

Juu ya ulingo hufungwa kamba za kushushia mgono, kikapu kikubwa chenye umbo la pia, mdomo mpana, mkia mwembamba. Mdomo huelekezwa unakotoka mkondo. Samaki aliyezidiwa na maji huingia, na kadiri anavyosukumwa ndani ndivyo nafasi ya kugeuka inavyopungua. Chambo hakihitajiki, maana kazi yote inafanywa na mto. Fito za mgono zimeachana kiasi kwamba wadogo hupita na kwenda zao, wakubwa hubaki. Naiheshimu sana sehemu hii ya ufundi wao, maana uhifadhi umo ndani ya mtego wenyewe, bila askari wala faini. Mara mbili kwa siku wanaume huikagua migono, na palipo na samaki mmoja wao hujitosa kumchukua.

Ufundi huu ni wa kale kuliko mji. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika hapa Januari 1877 aliikuta mitego tayari na kuiandika, ingawa mji baadaye ukaitwa Stanleyville kwa jina lake, hadi 1966. Wagenya walikuwa wameshafanya hesabu zao.

Kwa mwenye kutaka kukaa na kutazama, piga kambi juu ya ukingo mkavu, kamwe si juu ya majabali, hata yakionekana makavu jioni. Maji hujaa zaidi kuelekea Novemba na Desemba. Yakipungua, miamba hujitokeza na matundu yanaonekana wazi, na huo ndio wakati wa kujifunza. Leta darubini. Kuna ndege wadogo wa kijivu wanaoishi juu ya mawe ya mto tu, wakiruka kukamata wadudu hewani na kurudi palepale, kana kwamba kishindo hawakisikii. Chini yao, ndani ya povu, yumo mbenga, samaki mkali mwenye meno marefu kama ya mbwa.

Usipande ulingo bila ruhusa. Kazi hii hurithishwa, na kila mti uliosimama pale una mwenyewe. Tafuta mwenyeji, mpatane bei ya mtumbwi na ya muda wake, umlipe yeye mkononi, kisha mwombe akuonyeshe tundu moja tupu kabla ya kukuonyesha samaki.