Istilahi Pekee Hazitoshi: Uhakiki wa Juhudi za Kuboresha Ufundishaji wa Hisabati Afrika Mashariki

Ikisiri
Makala haya yanahakiki namna waelimishaji na watafiti wa hisabati katika Afrika Mashariki walivyolishughulikia suala la lugha. Hoja kuu ni kwamba juhudi zao zimejikita katika mbinu za kufundishia na uundaji wa istilahi, ilhali sehemu kubwa ya ugumu anaokutana nao mwanafunzi imo katika muundo wa sentensi. Mifano imetolewa katika Kiswahili cha hisabati ya shule ya msingi.

1.0 Utangulizi
Mwaka 1974 UNESCO na washirika wake waliandaa kongamano mjini Nairobi kuhusu uhusiano wa isimu na elimu ya hisabati. Katika kongamano hilo, mwanaisimu M.A.K. Halliday alifafanua dhana ya sajili ya hisabati. Kwa mtazamo wake, lugha haiwi lugha ya hisabati kwa kuongezewa maneno mapya tu. Inahitaji pia kujenga namna ya kueleza maana na kutoa hoja za kihisabati. Wazo hilo lilitolewa katika ardhi ya Afrika Mashariki. Swali linaloongoza uhakiki huu ni je, juhudi za kanda hii zimelitumia kwa kiasi gani?

2.0 Mafanikio na Mipaka ya Istilahi
Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania tangu 1967, mwaka ambao pia Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa. Kazi ya istilahi iliyofuata ni ya kupongezwa. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kujifunza namba tasa, kipeuo cha pili, mzingo na mjao bila kuazima neno la Kiingereza. Wanaodai kuwa Kiswahili hakina uwezo wa kubeba hisabati wamekwisha kujibiwa na vitabu hivyo vya kiada.

Hata hivyo, istilahi inapokaririwa bila kufafanuliwa hugeuka kuwa mzigo. Chukua jozi ya kigawo na kigawe, ambazo wanafunzi wengi huzichanganya kwa sababu zinatofautiana kwa irabu moja. Tofauti hiyo si ya kubahatisha. Kiambishi -o mara nyingi huunda jina la kitendea kazi, kama kizibo na kifuniko. Kiambishi -e huunda jina la kilichotendwa, kama kiumbe na mteule. Kwa hiyo kigawo ndicho kinachogawa na kigawe ndicho kinachogawiwa: 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Mwalimu anayeijua kanuni hii ya mofolojia hahitaji wimbo wa kukariri.

Istilahi nyingine zinahitaji tahadhari. Neno tasa hudokeza kiumbe asiyezaa. Lakini 7 ina vigawe visivyo na idadi: 14, 21, 28 na kuendelea. Inachokosa ni vigawo vingine zaidi ya 1 na yenyewe. Kwa lugha ya sitiari hiyohiyo, namba tasa haikukosa watoto bali ilikosa wazazi. Istilahi hii imekwisha kuzoeleka na hakuna haja ya kuibadili; kinachohitajika ni mwalimu aonywe kwamba sitiari yake inaweza kumpeleka mtoto upande usio sahihi.

3.0 Ugumu Uliomo katika Sentensi
Kasoro kubwa zaidi inaonekana katika hesabu za mafumbo. Linganisha tungo mbili: “Asha ana zaidi ya machungwa 5” na “Asha ana machungwa 5 zaidi ya Juma.” Maneno ni karibu yaleyale, ila mpangilio umebadilika. Tungo ya kwanza inaeleza ukubwa usiojulikana kikamilifu. Ya pili inaeleza tofauti kamili kati ya idadi mbili. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “zaidi” ni ishara ya kujumlisha atakosea akiambiwa kuwa Asha ana machungwa 12, ambayo ni 5 zaidi ya ya Juma, kisha aulizwe Juma ana mangapi. Atajibu 17 badala ya 7. Mwenye kusahihisha ataandika kwamba mtoto hajui kutoa, ilhali huenda kutoa anakujua vizuri.

Mfano mwingine ni neno mara. Sentensi “Bei ya sukari imeongezeka mara mbili” inaweza kumaanisha kwamba bei imekuwa maradufu, au kwamba imepanda katika vipindi viwili tofauti. Tena, kama bei ilikuwa shilingi 1,000, msomaji mwingine ataona nyongeza yenyewe ni shilingi 2,000, hivyo bei mpya ni 3,000. Sokoni muktadha huondoa utata huo. Katika chumba cha mtihani muktadha haupo.

Kwa upande mwingine, sarufi ya Kiswahili ina hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo. Robo tatu na theluthi mbili zina muundo uleule wa chapati tatu na nyumba mbili: jina la kitu, kisha idadi yake. Sarufi yenyewe inamwambia mtoto kwamba robo ni kitu kinachohesabika. Robo moja na robo mbili ni robo tatu, kama vile chapati moja na chapati mbili ni chapati tatu. Mtoto anayefikiri hivi hana sababu ya kujumlisha asili pamoja na viasi. Usemi wa “moja ya nne” au “moja chini ya nne” unaficha uhusiano huo na kuiacha sehemu ionekane kama namba mbili zilizopangwa juu na chini.

4.0 Mafunzo ya Walimu
Mradi wa SMASSE, ulioanza nchini Kenya mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, na ule wa SESEMAT ulioanza Uganda mwaka 2005, ililenga walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Ilimhimiza mwalimu kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha, na kuweka shughuli za mwanafunzi mbele ya mhadhara. Mwelekeo huo una tija. Lakini mwalimu anayetazama shughuli pasipo kusikiliza lugha anaona jibu lisilo sahihi bila kuona chanzo chake.

Pengo hili lina uzito zaidi pale lugha inapobadilika katikati ya safari. Nchini Tanzania mwanafunzi huacha Kiswahili anapoingia sekondari. Nchini Uganda, mtaala wa mwaka 2007 uliweka lugha za maeneo katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha la nne likawa darasa la mpito kwenda Kiingereza. Katika hali zote mbili, kilichojengwa katika lugha ya kwanza huweza kuachwa bila daraja la kutosha.

5.0 Hitimisho
Wapo watakaosema kwamba msongamano wa madarasa na uhaba wa walimu na vitabu ni matatizo makubwa kuliko sentensi. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, kuhariri fumbo lenye utata hakuhitaji jengo jipya. Makala haya yanapendekeza mambo matatu: wanaisimu washirikishwe katika uhariri wa vitabu na mitihani ya hisabati, mazungumzo ya darasani yarekodiwe na kuchambuliwa kama data ya sajili, na vyuo vya ualimu vifundishe mofolojia ya istilahi sambamba na fasili zake. Mpaka hayo yafanyike, itakuwa vigumu kujua ni alama ngapi anazopoteza mtoto kwa kutojua hisabati, na ni ngapi anazopoteza kwa sentensi ambayo mtunzi wake hakuisoma mara ya pili.