Kichwamaji: Riwaya Inayokukimbiza Huku Nyuma Hakuna Mtu

Nimekimaliza! Wasomaji wenzangu wa Tarime, Mugumu, Sirari na Nyamongo, wekeni kando chochote mnachosoma. Nimetoka kufunga ukurasa wa mwisho wa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, mara yangu ya kwanza kuisoma, na mwili bado haujatulia. Kitabu kilitoka mwaka 1974, Nairobi, kwa East African Publishing House. Vijana wengi watakaosoma maneno haya walikuwa hawajazaliwa, na baadhi ya wazazi wao pia. Lakini kinatisha kana kwamba kimeandikwa wiki iliyopita na mtu anayekujua kwa jina.

Na kinatisha bila silaha zile tulizozoea. Mwaka huohuo wa 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, tukampata Willy Gamba, mpelelezi asiyetetereka. Nampenda Willy Gamba, sitamkana. Ila Willy anajua adui yake yuko wapi: yuko ng'ambo ya mtutu wa bastola. Kazimoto, kijana anayetusimulia Kichwamaji kwa mdomo wake mwenyewe, hana bahati hiyo. Adui yake anaamka naye, anakula naye, na anatumia kichwa hichohicho kufikiri. Atamkimbilia nani?

Tazama kinavyoanza. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizo, anasubiri nje ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya akitafuta kibarua. Anasubiri, anasubiri tena. Mkubwa aliye ndani ni Manase, mtu anayemfahamu tangu zamani, na bado anapokewa kama mgeni. Basi! Hakuna damu, hakuna kelele, ni ofisi tu na mlango wake. Nani kati yetu hajawahi kusimama kwenye mlango kama huo, barua ya maombi mkononi inalowa jasho? Kezilahabi anauacha ule muda wa kusubiri uume taratibu, na kabla hujajua, umeshaanza kusikia mawazo ya Kazimoto yakigeuka: chuki kidogo, aibu kidogo, halafu hofu ya ile chuki yenyewe.

Kuanzia hapo nilishindwa kukiweka chini. Rukia, dada yake Kazimoto, anapata mimba ya Manase, na balaa linaingia nyumbani. Kazimoto anapanga kisasi: atamtumia Sabina, dada yake Manase, jino kwa jino. Halafu mpango unamponyoka, anampenda Sabina kweli, anamwoa. Mwandishi mwingine angetulia hapo akatupa harusi na ngoma. Kezilahabi ndiyo kwanza anakaza kamba. Maana sasa Kazimoto ana kitu cha kupoteza, na anajua alivyo. Anajiuliza juu ya Mungu, juu ya ndoa, juu ya sababu ya kuendelea kuishi, na kila swali linamwacha akiwa mpweke kuliko lililotangulia. Kisha anamwona mtoto wa Manase mwenye kichwa kikubwa, na wewe msomaji unaanza kuhesabu miezi ya mimba ya Sabina pamoja naye. Nilisoma sehemu hiyo nikiwa nimesimama. Mwisho siusemi, hata mkinibembeleza.

Kwa nini nataka kisomwe huku kwetu hasa? Kwa sababu sisi wa Tarime na Serengeti ni mabingwa wa hofu ya nje. Ukikaa Robanda, Bonchugu au Nyichoka, vijiji vinavyopakana na hifadhi, hofu ina miguu minne na mkonga. Usiku unasikia mahindi yakivunjika, kwanza bua moja, halafu mstari mzima, na hapo watu wanatoka na tochi, makopo na moto, wanapiga kelele mpaka tembo wageuke. Hofu hiyo inachosha na inaua, lakini ina heshima yake: unaielekezea tochi, unaiona, jirani naye anaiona. Kisasi nacho tunakifahamu. Ugomvi wa koo, ng'ombe na mipaka ulifika mahali serikali ikaunda mkoa wa kipolisi wa Tarime na Rorya.

Hofu ya ndani ndiyo hatukufundishwa kuitaja. Kwa Wakurya kijana anayetahiriwa husimama mbele ya watu bila kupepesa, bila kukunja uso, na ukoo mzima unamtazama. Akitikisika, habari hizo zitamfuata. Nauheshimu ujasiri huo, ni wetu na umetuvusha mengi. Lakini mura aliyekatazwa kutikisika mbele ya kisu, atamwambia nani kwamba anaogopa mawazo yake mwenyewe? Kwamba akikaa peke yake chumbani anahisi yupo mtu wa pili ndani yake ambaye hamwamini? Akithubutu kusema, kuna watakaosema amerogwa, na kuna watakaosema apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, basi, mazungumzo yamekwisha. Kichwamaji hakimalizi mazungumzo. Kinamwacha Kazimoto aseme yote, mabaya kwa mazuri, ukurasa kwa ukurasa, na wewe unakaa umsikilize.

Wazungu wana hadithi yao ya mtu anayejiogopa, Dk. Jekyll na Bwana Hyde, aliyoiandika Robert Louis Stevenson mwaka 1886. Pale kuna dawa ya kunywa inayomgeuza mtu. Kezilahabi hahitaji dawa. Kijana msomi, elimu yake, kiburi chake na tamaa zake vinatosha. Wahakiki hupenda kumweka karibu na Wafaransa Sartre na Camus, na mnuso huo upo. Mimi nasema harufu kubwa humu ni ya ziwa letu. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Kutoka Tarime unavuka daraja la Kirumi, unapita Bunda, unafika Kisorya, unapanda kivuko hadi Rugezi, umefika kwao. Ni jirani yetu! Huyuhuyu aliyetupa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya iliyowahi kuzuiwa shuleni, na mashairi huru ya Kichomi mwaka 1974. Alifariki Januari 2020.

Lugha yake ni fupi, kavu, inakwenda mbio. Sentensi tatu na umeshaingia chumbani mwa mtu. Hapambi. Akitaka kukuchekesha anakuchekesha, na kicheko hakijaisha tayari amekuonesha kitu ambacho hukutaka kukiona. Sijasoma riwaya ya Kiswahili inayobana kifua namna hii.

Yapo mawili yaliyonikera, na nayasema kwa sababu nakipenda. Rukia amepewa nafasi ndogo mno ya kujisemea. Balaa linampata yeye, ila kilio tunakisikia kupitia kaka yake. Kwa wilaya zetu, ambako wasichana wengi hadi leo wanaamuliwa mambo na wengine, ningetoa chochote nisome sura moja tu kwa sauti yake. La pili ni yule mtoto wa kichwa kikubwa. Riwaya inamfanya ishara ya dunia iliyoharibika, na inatisha kweli, lakini wako wazazi vijijini wanaoficha watoto wa namna hiyo wakidhani ni laana. Ni ugonjwa wa maji kujaa kichwani. Bugando pale Mwanza na Taasisi ya Mifupa Muhimbili hufanya upasuaji, maji yakapelekwa sehemu nyingine ya mwili kwa mpira mwembamba. Mzazi anayesoma haya na ana mtoto kama huyo, nenda naye hospitali mapema, usingoje.

Nina neno pia kwa anayepita kwenye giza siku hizi. Kitabu hiki kinazungumza waziwazi juu ya kifo na kukata tamaa. Kama moyo wako umelemewa, kisome ukiwa na rafiki wa kuongea naye, au kiache kwanza uongee na mtu. Kitakusubiri.

Wengine wote, kitafuteni. Vide-Muwa ya Nairobi ilikichapa upya, na nakala za zamani bado zinazunguka kwa walimu wa Kiswahili na kwenye meza za vitabu vya mitumba. Walimu wa sekondari za Tarime na Mugumu, wapeni kidato cha tano na sita, halafu waacheni wavulana wabishane darasani juu ya Kazimoto mpaka kengele ilie. Na ukikipata, usikianze jioni kama asubuhi una kazi, maana hutalala.